Bei ni ya Siku Moja, Gharama ni ya Kila Siku

Nusu kilo ya maharage mtaani kwetu Kimara, Dar es Salaam, ilikuwa shilingi 1,500. Mkaa wa kuyaivisha, kwa moto wa saa mbili na nusu, ulikuwa 1,200. Tulipika hivyo miaka mingi bila kushtuka, kwa sababu maharage tulinunua kwa muuza nafaka na mkaa kwa mtu mwingine, na bei hizo mbili hazikuwahi kukaa pamoja mbele ya macho yetu. Zilikutana kwenye daftari la shule la mtoto, lililobaki na kurasa nyeupe, tulipoanza kuandika humo kila shilingi inayotoka ndani ya nyumba.

Tuliandika kwa siku 90. Tuko watano: watu wazima wawili na watoto watatu. Hatukuanza kwa sababu tumeishiwa. Tulianza kwa sababu tumechoka. Mishahara miwili ilikuwa inaingia, na bado tarehe 20 ilitukuta tunaulizana nani ana salio. Jumamosi ziliishia kwa fundi wa gari, jioni ziliishia jikoni, na nyumba ilijaa vitu ambavyo kila kimoja kilidai kufutwa, kutengenezwa au kulipiwa.

Daftari lilituonyesha jambo ambalo nataka kulieleza hapa kwa hesabu: yaliyokuwa yakituchosha zaidi ndiyo yaliyokuwa yakitugharimu zaidi. Anayepunguza kwa kufuata hesabu hiyo hupata fedha na muda kwa pamoja. Anayepunguza kwa kujinyima tu hurudi alikotoka baada ya miezi miwili.

Tulivyopima

Kila kitu tulikiuliza maswali matatu. Kimenunuliwa kwa bei gani? Kinakula kiasi gani kila mwezi ili kiendelee kufanya kazi? Na kinachukua saa ngapi za mtu? Bei zilizomo humu ni za daftari letu, nimezisawazisha kidogo ili zisomeke kwa urahisi. Mtaani kwako zitakuwa tofauti. Chukua njia ya kuhesabu, kisha weka bei zako.

Jikoni: mkaa, gesi na presha kuka

Mkaa wa kupima tulinunua wa 2,000 kwa siku. Kwa mwezi ni 60,000. Mkaa una sifa moja inayowadanganya wengi: haudai fedha nyingi kwa mara moja. Mwenye 2,000 mfukoni anapika leo, na mtungi wa gesi hauuzwi hivyo. Lakini jiko la kawaida la mkaa hupoteza sehemu kubwa ya joto lake pembeni ya sufuria, na moto unabaki ukiwaka hata chakula kikishaepuliwa. Kuna pia dakika 20 za kuwasha na kupepea kila asubuhi, masizi ya kusugua, na hatari ya hewa ya sumu jiko likiingizwa ndani usiku wa mvua. Hiyo ya mwisho haina bei, inaua.

Gesi ya mtungi wa kilo 15 tulijaza kwa 58,000, ikatufikisha siku 40 kwa mapishi yote isipokuwa maharage na makande. Kwa mwezi ni 43,500. Wengi huamini mtungi mkubwa ni nafuu sana kuliko mdogo, nasi tuliamini hivyo. Wa kilo 6 ulikuwa 24,500, yaani kama 4,080 kwa kilo. Wa kilo 15 ni kama 3,870 kwa kilo. Tofauti ni kama 210 tu kwa kilo. Kwa hiyo asiye na fedha za mtungi mkubwa asingoje. Aanze na mdogo, kwani hasara yake ni ndogo kuliko ya kuendelea na mkaa. Unaponunua, dai mtungi upimwe kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Utoe, kinachobaki ndiyo gesi uliyolipia.

Sasa maharage. Presha kuka ya umeme ya wati 1,000 haivuti umeme muda wote. Huvuta hadi presha ipande, kisha hukata na kuongeza kidogo kidogo. Maharage yaliyolowekwa usiku yalitumia uniti 0.4 hivi. Mteja wa TANESCO, shirika la umeme, wa kundi la kawaida la majumbani hulipa 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na kama 356 baada ya hizo. Sufuria la maharage likawa 142. Kwa mteja wa kundi la matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni 100 kabla ya kodi, hivyo sufuria lile lile halifiki 50. Ila mteja huyo awe mwangalifu: akivuka uniti 75, kila uniti ya ziada hutozwa 350 kabla ya kodi.

Kutoka 1,200 hadi 142 ni tofauti ya 1,058 kwa sufuria moja. Presha kuka yetu tuliinunua 160,000. Tukipika maharage au makande mara nne kwa wiki, inajilipa kwa sufuria 152, yaani miezi tisa hivi. Baada ya hapo ni faida. Na wakati inapika, mtu hayupo jikoni. Mwenzangu anasaidia watoto kazi za shule, na hilo kwetu limekuwa kubwa kuliko ile 1,058.

Tahadhari mbili. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani iliyofungwa vizuri, usiichomeke kwenye waya wa kuunganisha wa bei rahisi. Na umeme hukatika. Anayetupa majiko yake mengine yote siku anaponunua presha kuka atalala na njaa siku moja. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo hilo ni jema, lakini nyumba haihitaji kungoja mwaka huo.

Uamuzi: gesi kwa mapishi mafupi, presha kuka kwa vinavyochelewa kuiva. Ukijumlisha gesi na umeme wa mapishi 16 kwa mwezi, ni kama 46,000 badala ya 60,000.

Safari ya kazini: gari lako au mwendokasi

Hapa ndipo daftari lilipotunyamazisha. Kimara hadi Posta, katikati ya jiji, na kurudi ni kilomita 30 hivi. Kwa foleni ya Barabara ya Morogoro, gari letu dogo lilikula lita tatu kwa siku. Kwa petroli ya 2,900 kwa lita, siku 22 za kazi ni 191,400. Maegesho ya 2,000 kwa siku ni 44,000. Oili na matengenezo ya kawaida yalikuwa wastani wa 40,000 kwa mwezi. Matairi, betri na vipuri tulitenga 25,000. Bima ndogo ya 118,000 kwa mwaka ni kama 9,800 kwa mwezi. Jumla ni 310,200, bila kuhesabu kwamba gari lenyewe lilikuwa likishuka thamani kila mwaka hata lilipolala uani.

Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria kwenye njia ya Kimara mwezi Mei 2016, nasi tulikuwa tukiyapita tukiwa kwenye foleni. Kwa usalama wa hesabu nimeweka nauli ya 1,000 kwa safari, na njia yako inaweza kuwa chini ya hapo. Kwenda na kurudi siku 22 ni 44,000. Ongeza bodaboda nane za 1,500 kwa siku za mvua au za kuchelewa, 12,000. Ongeza 40,000 za teksi kwa siku ya kumpeleka mtoto hospitali au ya kubeba mizigo. Jumla ni 96,000.

Tofauti ni zaidi ya 214,000 kila mwezi. Tuliliuza gari, na Jumamosi zetu zilirudi nyumbani.

Sisemi kila mtu auze. Mama anayebeba bidhaa kwenda sokoni alfajiri, mfanyakazi wa zamu za usiku, familia yenye mgonjwa au mtu asiyeweza kusimama muda mrefu, hao gari kwao ni chombo cha kazi na cha utu. Usafiri wa umma una kusubiri na kubanana, hasa jioni. Swali la kujiuliza ni hili: kwa kilomita ninazokwenda kweli, je, nikikodi gari kila ninapolihitaji hasa, nitafika 310,000? Sisi hatukufika hata theluthi moja.

Uamuzi: gari linalokwenda ofisini na kurudi tu ndicho kitu ghali kuliko vyote katika nyumba ya kipato cha kati.

Nguo, sare na michango

Nguo hesabu kwa siku za kuivaa. Shati jipya la 15,000 tulilovaa mara 25 kabla halijapauka lilitugharimu 600 kila lilipovaliwa. Shati la mtumba la 8,000, lililochaguliwa vizuri soko la Karume, limevaliwa mara 60. Ni kama 133. Shati la kitambaa kizuri lililoshonwa na fundi cherehani kwa 35,000 linaelekea mara 150. Ni kama 233. Mtumba unashinda kwa shilingi. Fundi anashinda kwa jambo jingine: nguo inakukaa, inaweza kupunguzwa au kuongezwa, na fedha inabaki mtaani. Jambo hilo limewahi kuwa la nchi na nchi. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba ili viwanda vya nguo vikue. Rwanda ikasimama na kodi yake kubwa, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia msamaha wa ushuru kwa nguo chini ya AGOA, mpango wake wa biashara na Afrika. Kwa nyumba moja, uchaguzi ni mwepesi zaidi: mtumba wa nyumbani na wa watoto wanaokua haraka, fundi kwa nguo chache za kazini. Anayefaidika kidogo ni mnunuzi wa kitu kipya kilicho hafifu.

Kisha sare. Kitchen party, send-off, harusi yenyewe, arobaini ya mtoto: kila moja na rangi yake. Mwaka mmoja tulishona sare nne, kwa wastani wa 60,000 kila moja pamoja na ushonaji. Ni 240,000 kwa nguo ambazo tatu kati yake hazikuvaliwa mara ya pili. Tumeamua sare moja kwa mwaka, ya ndugu wa damu. Nyingine tunahudhuria na nguo nzuri tuliyonayo, na mpaka leo hakuna aliyetuzuia mlangoni. Tunaokoa 180,000 kwa mwaka, sawa na 15,000 kwa mwezi.

Michango yenyewe ni suala jingine, na naomba lisichanganywe na sare. Wapo wanaoshauri kwamba maisha mepesi ni kukataa kadi zote za michango. Mimi siafiki. Mchango wa msiba, wa matibabu, hata wa harusi, ndiyo bima ya kwanza tuliyorithi. Tulipofiwa, waliojaza turubai na kupika walikuwa wale tuliowahi kuwachangia. Tulichobadilisha ni utaratibu. Tunatenga 60,000 kila mwezi kwa michango, kabla ya kadi kufika. Msiba na ugonjwa huja kwanza, harusi za ndugu na majirani wa karibu zinafuata. Fedha hizo zikiisha, tunamwambia mtu mapema na kwa heshima: mwezi huu tumefikia mwisho, lakini tutakuja kuosha vyombo. Kutoa ni moyo, na mikono nayo ni mchango.

Uamuzi: punguza nguo za siku moja, usipunguze watu.

Kwa Mangi: kupima au jumla

Mafuta ya kupikia ya kupima kwa Mangi, muuza duka wa mtaani, mililita 60 kwa 500, yanafikia kama 8,300 kwa lita. Dumu la lita tano kwa 30,000 ni 6,000 kwa lita. Kwa nyumba inayotumia lita nne kwa mwezi, tofauti ni kama 9,000. Sabuni, sukari na unga hufuata mkondo huo huo, kwa viwango vidogo zaidi.

Ila jumla ina hasara yake iliyojificha. Dumu likikaa jikoni, mkono hukunjuka. Mwezi wa kwanza tulitumia lita tano badala ya nne, na faida ikapotelea kwenye kikaango. Dawa yake ilikuwa chupa ya lita moja: inajazwa kila Jumatatu, ikiisha kabla ya wiki, tunasubiri. Nafaka nazo zina fukusi. Gunia la maharage kwa watu watano litaliwa na wadudu kabla yenu. Nunua yanayotosha mwezi mmoja, yakiwa makavu, uyafunge vizuri.

Na kwa asiye na 30,000 mkononi, ushauri wa kununua jumla ni wa bure kama haukuambatana na njia. Njia ipo, na ni ya kwetu: majirani watatu wachange, wanunue dumu moja, wagawane kwa chupa. Duka la Mangi lisiachwe kabisa pia. Siku mshahara unapochelewa, yeye ndiye anayekukopesha unga kwa daftari bila riba.

Uamuzi: jumla kwa vitu vitatu au vinne vinavyotumika kila siku, kupima kwa vilivyobaki.

Kununua kwa mkopo

Kitu kilichonunuliwa kwa mkopo kina bei mbili. Tuchukue friji la 600,000. Mkopeshaji wa mtaani anayeitwa kausha damu, kwa asilimia 30 kwa mwezi, atadai riba ya 180,000 kila mwezi. Ukishindwa kurudisha mtaji kwa miezi mitatu, umelipa 540,000 na bado unadaiwa 600,000. Taasisi ndogo ya fedha yenye leseni ya daraja la pili ina kikomo cha riba kilichowekwa na Benki Kuu ya Tanzania, asilimia 3.5 kwa mwezi: miezi mitatu ni 63,000. Mchezo wa kupeana fedha wa watu 12, kila mmoja akimpa kijumbe, yaani mkusanyaji, 50,000 kwa mwezi, unakupa 600,000 zile zile bila riba yoyote. Unangoja zamu yako, basi.

Mikopo ya simu iangaliwe kwa jicho kali zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kufungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila kibali chake. Kabla ya kukubali, muulize mkopeshaji mambo mawili: leseni yako iko wapi, na nitarudisha jumla ya shilingi ngapi, siyo asilimia ngapi. Asiyetaka kutaja jumla ameshakujibu.

Uamuzi: kwa kitu cha nyumbani, ngoja zamu. Mkopo uwe wa kinachozalisha, au wa dharura ya uhai.

Jumla ya daftari

Haya ndiyo tuliyookoa kwa mwezi:

Jikoni: 14,000
Usafiri: 214,000
Sare: 15,000
Mafuta ya jumla: 9,000
Jumla: 252,000

Kwa mwaka ni 3,024,000. Asiye na gari la kuuza anabaki na 38,000 kwa mwezi, sawa na 456,000 kwa mwaka. Hiyo inanunua presha kuka, mtungi wa gesi na jiko lake, na kulipia ada ndogo ndogo za shule. Hailingani na mshahara mpya, na simwahidi mtu utajiri. Mwenye kipato cha siku hana mengi ya kupunguza. Kwake kwanza ni kipato kiongezeke, na jamii isiyoliona hilo inamkosea inapomhubiria kubana matumizi.

Kwa tulio na cha kuchagua, vitu viwili vya thamani kubwa havikuingia kwenye jumla hiyo. Jumamosi nne kwa mwezi, na saa nzima ya jioni karibu kila siku. Hizo ndizo tulizokuwa tukizitafuta tulipofungua daftari.

Ndugu msomaji, usianze kwa kutoa vitu nje. Chukua daftari lolote lenye kurasa tupu, andika kila shilingi kwa siku 30, na pembeni andika pia kilichokuchosha siku hiyo. Mwisho wa mwezi tafuta mahali ambapo gharama kubwa na uchovu mkubwa vimeandikwa mstari mmoja. Anza hapo, na hapo tu. Vingine vitangoja mwezi ujao.